Trauti wa Mwenyekiti

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na moja, baba alifariki kule Wete. Nikaacha shule darasa la nne, nikabebeshwa tenga la samaki kichwani. Tangu hapo sijui kazi nyingine. Nimeuza Pemba, nimeuza Mombasa, na sasa nauza ughaibuni, hapa Lewisham sokoni. Kiingereza changu ni cha bei na salamu. Kinanitosha.

Sisi watu wa pwani samaki wa maji baridi tunamdharau, na mimi sifichi. Ananuka tope, na bila ndimu na pilipili hana ladha. Trauti ni mmoja wao, namuuza kwa sababu Wazungu wanampenda. Mimi simli.

Jumamosi moja akaja kutoka Harrow mwenyekiti wa jumuiya yetu ya watu wa pwani, amebeba sanduku la barafu kama amebeba maiti ya mfalme. Alikuwa Skotilandi na wenziwe wa ofisini, wamekwenda kuvua ziwani. Kesho yake jumuiya ilikuwa na karamu, naye alitaka samaki wake asafishwe, awekwe mzima katikati ya meza, watu wamtazame.

Alikuwa mkubwa, nisiseme uongo. Taya la chini limepinda juu kama ndoana, meno yamejaa, madoa meusi mgongo mzima.

"Trauti huyu," nikasema.

"Si trauti tu, mzee wangu. Anaitwa feroksi. Kilatini hicho, maana yake mkali."

Akaanza kunisomesha mbele ya wateja. Akiwa mtoni mdogo, ni trauti wa kahawia. Akienda baharini akarudi anang'aa, ni trauti wa bahari. Akibaki ziwani akawa jitu, ndiyo feroksi. Majina yote hayo, na ukimkaanga harufu ni ile ile.

"Wengine wanakula wadudu, wanabaki hivi," akaonyesha kiganja. "Huyu siku moja anaacha wadudu, anaanza kula samaki wenziwe. Hapo ndipo anapokua, na anaishi kuliko wote. Huo ndio ujanja!"

Bi mkubwa mmoja wa kwetu, aliyekuwa anangojea vibua vyake, akamtazama juu mpaka chini. "Ati anakula nduguze, nawe unamsifu?"

"Namsifu akili, bi mkubwa."

"Haya. Kesho kaa naye karibu, mtaelewana."

Watu wakacheka. Nikampasua samaki tumbo, akatoka trauti mdogo, kichwa kimeshayeyuka. Mwenyekiti akafurahi, akampiga picha.

Nilipokuwa namwosha ndipo akaleta alilokuja nalo.

"Mzee, umri umekwenda. Watoto wako wako maofisini, hawaitaki harufu hii. Leseni ya meza yako hapa sokoni tuiandike kwa jina la jumuiya. Wewe utauza hapa hapa kama kawaida."

Maneno hayo hayo alimwambia binamu yake mwenye duka la vitambaa. Leo duka ni la mwenyekiti, na binamu anauzia vitambaa ukumbini kwake nyumbani. Sisi mambo yetu tunayafanya kwa mdomo. Mtu ni wa kwenu, Ijumaa mnasimama safu moja msikitini, utamkataliaje mbele za watu? Unaona haya, unasema ndiyo, umekwisha. Naye alijua, ndiyo maana alingoja foleni iwe ndefu.

Mimi sikuona haya.

"Umeleta samaki, nimemsafisha. Leseni yangu haimo tumboni mwake."

"Fikiri kwanza, mzee."

"Nimefikiri."

"Watu watasema umeukataa umoja."

"Waseme. Mchukue feroksi wako, ananichafulia meza."

"Na vibua vyangu je?" bi mkubwa akauliza. "Au navyo vina mwenyekiti?"

Karamuni sikwenda. Nilisikia yule samaki walimtia kwenye oveni mzima mzima, akakauka kama pamba, wakampiga picha tena, wakala kuku. Mwenyekiti siku hizi akipita sokoni anajifanya anatafuta kitu simuni. Na atafute.

Leo nina meza ya samaki Lewisham, leseni kwa jina langu peke yangu. Nina gari lenye friji. Nina nyumba ya vyumba vitatu, sidaiwi. Nina kiwanja Wete na nyumba ya mawe juu yake. Nina visu vinne vizuri na mke mmoja.