Vidole Viwili vya Nesi

Bibi katoka spitali, jamani, yuko nyumbani Sib! Ila Shatha, mjukuu wake, bado anamwogopa yule nesi wa wodi ya wazee. Mikono baridi, sauti ya chini. Kila mzee akiruhusiwa, humpa vidole viwili: "Bana, mama." Halafu: "Inuka bila kushika kiti." Akiwanong'oneza watu wa nyumbani, "Mkae naye karibu," basi mwezi hauishi. Mzee wa kitanda cha pili hakumaliza wiki.

Bibi kainuka, kayumba, kadaka kiti. "Buibui hili refu, lanikwaza!" kang'aka. "Nipe tena hivyo vidole." Kabana mpaka nesi kacheka: "Basi, mama, waniumiza!" Shatha naye kacheka. Mlangoni nesi kamshika Shatha bega; vidole vyake havina hata alama ya kubanwa. "Mkae naye karibu."

Tafadhalini, mpelekeeni ujumbe huu kila mjukuu wake, aje wiki hii.