Aliyesimama Upande wa Ukungu

Watu wa mtaa ule walimwita Bwana Sogea. Jina hilo halikuwa la dhihaka, ingawa lilitiwa chumvi kidogo. Alilipata kutokana na kazi yake. Alikuwa mpiga picha, mwenye studio ya chumba kimoja iliyotazamana na duka la viatu, na kila aliyeingia humo pamoja na wenzake alitoka akiwa amelisikia neno hilo mara tano au sita: "Sogea huku. Sogea tena. Bado, mama, sogea." Wateja walidhani ni umakini wa fundi. Walioijua sababu yake walikuwa wachache tu, yeye na watu wa nyumbani kwake, na sababu yenyewe ilikuwa lenzi.

Lenzi ile aliingoja miaka mitatu. Ile aliyoanzia kazi ilikuwa na jicho jembamba, kiasi kwamba ilipokuja familia ya watu wanane ilimlazimu arudi nyuma hadi barazani na kupigia picha mlangoni, huku wapita njia wakimkatiza. Hii mpya ilikuwa pana. Ingechukua ukoo mzima naye akiwa ndani, mgongo ukigusa ukuta. Siku alipoileta, mkewe, aliyekuwa fundi wa kushona na mwenye cherehani yake katika kona ya studio hiyo hiyo, aliifuta meza mara mbili kabla ya kumruhusu aiweke.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Mbona ndogo? Kwa ulivyokuwa ukiitaja usingizini, nilidhani italetwa na lori."

Harusi ya kwanza aliyoipiga kwa lenzi hiyo ndiyo iliyomfungua macho. Juma moja baada ya kukabidhi picha, alikuja shangazi wa bibi harusi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kujaza chumba, akaiweka picha mezani na kuigonga kwa kidole.

"Baba, hebu nihesabie. Hawa wote wana pua?"

"Wanazo, shangazi."

"Na mimi hapa mwisho?"

Mpiga picha alitazama. Bibi harusi alikuwa safi hata nyuzi za shela zikihesabika. Lakini kuelekea ukingo wa kushoto sura zilianza kulegea, na shangazi, aliyesimama wa mwisho, alikuwa kama mtu aliyeonekana kupitia kioo kilichopumuliwa.

"Watu wote wamepewa pua, mimi nimenyimwa. Nilikukosea nini?"

Kule kwenye cherehani mkewe aliinamisha kichwa ili asionekane akicheka. Mpiga picha hakucheka. Jioni hiyo alibandika ukurasa wa gazeti ukutani, akaupiga picha mara kumi na mbili, akabadilisha umbali na mwanga, akaandika kila kipimo katika daftari. Mara zote kumi na mbili, maneno ya kushoto hayakusomeka. Fundi wa kamera aliitazama lenzi kwa tochi, akatikisa kichwa. "Kioo kimoja cha ndani kimekaa upande. Nikiifungua, naweza kukurudishia lenzi, au nikurudishie vipande." Mwenye duka, kwa upande wake, alisema kwamba mali ikishavuka kizingiti si yake tena.

Basi akajifunza kuishi nayo, kama mtu anavyojifunza kuishi na jino bovu kwa kutafunia upande wa pili. Aliyekuja kupigwa peke yake hakupata shida: mpiga picha aliigeuza kamera kwa wima, ule ukungu ukaangukia chini ya miguu, kisha akaukata. Kwa waliokuja kwa makundi aliweka upande wa kushoto kinara cha maua ya plastiki, akawasukuma watu wote upande wa pili, na wakati wa kusafisha picha akakikata kinara na ukungu wake. Hapakutokea shangazi mwingine wa kulalamika.

Ugumu ulikuwa nyumbani. Kila mwaka shule zilipofungwa, familia yake ilikusanyika sebuleni ili ipigwe picha, naye akaiweka kamera juu ya kabati, akaitega na kukimbilia nafasi yake. Sebule ile ilikuwa finyu. Kinara hakikuwa na mahali. Mtu mmoja hakuwa na budi kusimama ukunguni.

"Nitasimama mimi," alisema mpiga picha mwaka wa kwanza.

"Wewe ukitoka kwenye kabati unakimbilia wapi, uruke meza?" alijibu mkewe. "Huko nitakaa mimi. Watoto ndio wanaokua na kubadilika, mimi nimeshakua."

Likawa jambo la kawaida, kisha likawa utani wa nyumbani. Alipoulizwa kama yuko tayari, mama yule alisema, "Ukungu uko tayari, piga." Mumewe alimwahidi mara nyingi kumpiga picha yake peke yake, kwa wima, kwa mwanga mzuri wa asubuhi. Naye mara zote alijibu kwamba atakaa siku atakapomaliza kujishonea gauni lake. Kitambaa cha gauni hilo kilikunjwa juu ya kabati, na juu yake ziliendelea kulundikana sare za wanafunzi na mashati ya watu. Kinyozi hajinyoi, na fundi wa kushona, ikiwa mumewe ni mpiga picha, hupungukiwa mara mbili.

Miaka kumi na moja ilipita hivyo. Katika mwaka wa tisa walijaliwa mtoto wa tatu, binti, ambaye hawakuwa wamemtarajia tena. Na kitindamimba huyo alipokuwa hajatimiza miaka mitatu, mama yake alishikwa na homa siku ya Jumatatu, Jumatano akalazwa hospitali, Ijumaa akafa.

Husemwa majuto ni mjukuu, huja baadaye. Ya mpiga picha yalikuja siku ya tatu baada ya maziko, yakiletwa na shemeji yake, dada mkubwa wa marehemu, mwanamke wa maneno machache aliyekuwa akiwaangalia watoto siku zile.

"Shemeji," alimwambia, "nataka unisafishie picha moja kubwa ya mdogo wangu. Si yangu mimi. Ni ya huyu mtoto. Jana usiku alimlilia mama yake. Leo mchana ameniita mimi mama. Akifika miaka mitano hatakuwa na sura ya kukumbuka. Mpe sura."

"Nitakupa," alisema mpiga picha. "Keshokutwa."

Alifunga mlango wa studio, akateremsha makopo yote ya negativu, yaani zile filamu zilizokwisha safishwa, akazipanga kwa miaka. Binti yake mkubwa, kifunguamimba aliyekuwa na miaka kumi na sita, alimshikia taa. Walizitazama moja baada ya moja kwa kioo cha kukuzia. Mwaka wa kwanza: ukungu wenye kitambaa cha kichwa. Mwaka wa pili: ukungu uliombeba mtoto, mtoto ameelekezwa katikati ili yeye aonekane. Wa tano, wa saba, wa kumi. Katika picha zote watoto walikuwa na macho, meno, hata makovu ya magoti. Yeye alikuwa na umbo.

"Kitambulisho chake je, Baba?" aliuliza binti.

Walikikuza. Picha ile ndogo, iliyopigwa ofisini na mtu mwenye haraka, ilifumuka ikawa madoadoa meusi na meupe. Aliyetokea katikati ya madoadoa yale alikuwa mwanamke aliyenuna kama mshtakiwa. Shemeji alipoonyeshwa aliirudisha kifudifudi.

"Huyu simjui."

Ndipo mpiga picha alipokumbuka siku moja. Miaka minne nyuma, binti huyu alipomaliza shule ya msingi, yeye aliazima lenzi ya mwenzake, lenzi nzima isiyo na kasoro, kwa muda wa saa mbili. Alimsimamisha binti uani, mama yake akasimama kando yake, upande ule ule wa kushoto.

"Leo njoo katikati," alikuwa amemwambia. "Hii haina ukungu."

"Niache, nimeshazoea huku."

Aliitafuta filamu hiyo tangu asubuhi hadi adhuhuri, akaipata ndani ya bahasha iliyoandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Aliiweka juu ya mwanga. Binti alikuwa safi, kila kifungo cha sare kikionekana. Na juu ya bega lake ulikuwapo mkono wa mama yake, safi kuliko chochote alichowahi kukipiga: kucha zilizokatwa fupi, ngozi ngumu ya ncha ya kidole iliyochomwachomwa na sindano, uzi mweupe ulionasa kwenye kifundo. Mkono ule ulipanda hadi kwenye kiwiko, na kwenye kiwiko picha ilikwisha.

Alielewa mara moja. Furaha ya lenzi nzuri ilimfanya asogee karibu ili anase uso wa mwanawe. Na jicho lake, lililokuwa limezoea kwa miaka mingi kuuhesabu upande ule kuwa ni wa kukatwa, liliukata kabla hata mkasi haujafika. Safari hii hapakuwa na lenzi ya kulaumu.

"Baba, usilie," alisema binti, naye mwenyewe akilia.

Siku aliyoahidi ilipofika, alimpa shemeji yake picha ya mwaka wa kumi na moja, ya mwisho, aliyoikuza kadiri karatasi ilivyoruhusu. Alikuwa amefanya kila alilojua: alipunguza mwanga hapa, akauongeza pale, akakesha akiusihi uso ule ujitokeze. Shemeji aliishika kwa urefu wa mikono, kisha karibu, kisha tena mbali.

"Ulikuwa na mke ndani ya studio miaka yote hii," alisema taratibu. "Hata wapita njia umewapiga. Watu wasiokuja hata kuchukua picha zao umewapiga."

"Ni kweli, shemeji."

Mwanamke yule aliitundika picha ukutani mwenyewe, akatoka uani, akimwacha binti mkubwa jikoni.

Mpiga picha alimpakata kitindamimba wake, akamwinua mbele ya picha.

"Mwonyeshe baba. Mama yuko wapi?"

Mtoto alitazama kwa makini, kisha akaweka kidole juu ya uso wa dada yake mkubwa, katikati. Baba alikishika kile kidole, akakisogeza polepole kuelekea kushoto, hadi ukingoni.

"Huyu hapa."

"Huyu hana macho."

"Anayo, mwanangu. Macho anayo. Makubwa, kama yako. Na hapa juu ya nyusi alikuwa na alama ndogo, ya tangu utotoni, aliangukia ndoo. Juu ya nyusi ya..." Aliinua mkono wake kwenye uso wake mwenyewe, akagusa nyusi moja, kisha ya pili. Alifumba macho ili aone vizuri, akayafumbua.

"Ilikuwa ya kulia au ya kushoto?" aliuliza kwa sauti, bila kugeuka.

Jikoni vyombo vilinyamaza.

"Ya kulia, Baba," alijibu binti yake mkubwa. Kisha akaongeza, "Nadhani."