Siku Yeyo Alipopanda Paa la Faiba

Mpaka leo nikifumba macho naiona siku ile Yeyo, mama yangu mzazi, alipovua katambuga zake za tairi, akakaza shuka kiunoni, akapanda juu ya gari letu pale mtaani Masuguru huku majirani wakimtazama. Keti, mwanangu. Ufunguo nitakupa, sijabadili nia. Lakini gari hili haliendi kwenye minada ya Handeni mkapikie humo vyakula vyenu vya kuuza kabla hamjasikia habari ya paa lake. Na mumeo akae, asijifanye ana haraka.

Gari lenyewe mmelikuta. Wazungu wawili, mke na mume, walikuwa wanazunguka nalo nchi kwa nchi, injini ikawafia hapa Korogwe, wakamuuzia baba yako na kupanda basi. Yeye alikuwa fundi kijana, akaifufua. Ndani kuna kitanda, jiko, sinki na makabati. Juu paa jeupe la faiba, ile inayoundiwa maboti, lenye kidirisha cha hewa katikati. Tulipooana tukaliegesha nyuma ya gereji, tukahamia humo. Jamani, nilijiona malkia!

Kwetu hawakufurahi. Binti wa Kimaasai kuolewa na Mzigua, hilo walilimeza. Lakini nyumba yenye matairi! Baba yangu hakutaka hata kuiona. Kaka yako mkubwa alipozaliwa, Yeyo akanitumia ujumbe kwa mdomo wa binamu yangu aliyeshuka kuuza mbuzi: "Nitakuja kulala kwako. Nikilala pakavu, nitanyamaza. Nikilowa, nitaondoka na wewe na mtoto." Waliomfahamu Yeyo walijua hatanii. Walijua pia kwamba kunyamaza, kwake, ilikuwa zawadi kubwa, maana yule mama alianza kusema alfajiri wakati wa kukamua na kuacha usiku moto ulipozimika.

Sasa balaa ni kwamba paa lilikuwa linavuja. Gundi iliyozunguka kile kidirisha ilikuwa imekauka kwa jua, ikapasukapasuka, maji yanapita yakitaka. Baba yako alikuwa na neno moja tu: "Gari ni kazi yangu, usiliguse." Haya. Akirudi amechoka na magari ya watu, anapanda na mrija wa silikoni, anaimimina juu ya gundi kuukuu, juu ya vumbi na majani, anashuka. Ukitazama kutoka chini unaona kazi imekwisha. Mvua ikija, mimi nasogeza beseni.

Nilikuwa naungua moyoni, mwanangu. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Yeye ndiye anayesimamisha fito, ndiye anayekandika, na mgeni wa mumewe akilowa aibu ni ya mke. Basi baba yako alipokwenda Handeni kutengeneza lori la watu, nikaomba mavi ya ng'ombe kwa jirani, nikayakanda na majivu, nikapanda, nikakandika kuzunguka kidirisha kama nilivyofunzwa. Nikashuka nimenawa mikono, roho kwatu. Mvua ya kwanza ikayateremsha yote, michirizi ya kijani ubavu mzima wa gari jeupe, na majirani wakapata cha kuchekea mpaka jioni.

"Mke wangu," baba yako alisema aliporudi, "umelipaka gari langu mavi?"

"Na wewe umeipaka nyumba yangu uvivu," nikamjibu.

Tukanuniana. Katikati ya ule mnuno, Yeyo akashuka kwenye basi.

Nilimkaribisha ndani, baba yako akahamia gereji, kwa kuwa kwetu enzi zile mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Kabla chai haijapoa mbingu ikafunga. Kaka yako alikuwa amelala kwenye mapaja ya bibi yake. Tone la kwanza likamwangukia mtoto kwenye paji la uso. Yeyo akalifuta kwa kidole gumba. La pili likamwangukia yeye.

"Fungasha," akasema.

Nikatoa kanga, nikaanza kufunga nguo za mtoto. Nilimpenda baba yako, wala sioni haya kulisema mbele ya mkwe wangu huyu. Nilikuwa nimemnunia, lakini kumwacha nisingeweza, na kumkatalia Yeyo nisingeweza. Nikawa nalia na nguo mkononi.

Kilichoniokoa ni kwamba Yeyo hakuweza kuondoka penye tundu bila kuliona. Mvua ilipokatika akatoka, akavua katambuga, akapanda ngazi ya nyuma. Nikamfuata. Akapiga magoti, akapitisha kiganja juu ya paa, polepole, kama anavyopapasa ubavu wa ndama mgonjwa. Akakuta mabaki ya mavi yangu.

"Mavi yanashika fito," akasema. "Nani alikwambia yatashika sahani?" Kisha akainua ncha ya silikoni ya baba yako kwa ukucha, ikabanduka yote kama ganda. "Mwambie mumeo hii haishiki."

Baba yako alikuwa amesimama chini, anasikia kila kitu, lakini heshima ni heshima. Nikainama: "Mama anasema hii haishiki."

"Mwambie najua. Inatakiwa ibanduliwe yote mpaka faiba ionekane, isafishwe, ikauke, ndipo uzibe."

"Muulize, kama anajua, mbona hajafanya?"

Yeyo akanigeukia mimi. "Na wewe? Huku juu unapanda lini?"

"Ikivuja, Yeyo."

"Mimi napanda kwangu wakati wa jua. Hii ni nyumba au gari?"

Nikasema nyumba. Chini baba yako, kajisahau, akasema gari. Yeyo akacheka mpaka akakaa kitako. "Mmoja anangoja mwenye nyumba, mwingine anangoja mwenye gari, na mjukuu wangu analowa. Fungua hilo furushi. Nitangoja mvua nyingine."

Kulipokucha jua likawaka, tukapanda wawili, mimi na baba yako. Alilaza ubao tukanyage juu yake, kwa sababu faiba ikikanyagwa ovyo inapasuka. Alichonga kipande cha mti tukabandua nacho gundi yote kuukuu. Kisu alikikataza, kinakwaruza. Tukaosha kwa sabuni, tukaacha pakauke kabisa, tukapangusa kwa spiriti. Penye nyufa alipiga msasa, akaweka kiraka cha faiba na gundi yake. Mwisho akazungushia kidirisha gundi ya mapaa, ile inayonyumbuka jua likipanua na baridi ikikunja. Tukashuka, Yeyo akapanda peke yake, akafumba macho, akapitisha kiganja. Mahali pamoja akasimama, akagonga kwa kidole. Baba yako akapanda tena, Yeyo alipokwisha kushuka, akaparudia.

Mvua ikaja karibu na alfajiri, na ilikuwa mvua kweli. Yeyo kalala na mtoto, mimi nimekaa macho nikiangalia kile kidirisha. Nikichungulia nje namwona baba yako mlangoni mwa gereji, naye anatazama gari lake. Halikudondoka hata tone.

Asubuhi Yeyo akanywa chai, akavaa katambuga zake. Nikamsindikiza stendi. Njia nzima nikangoja aseme, hata anitukane. Hakufungua mdomo. Basi lilipokuja akaweka kiganja kichwani pangu, akakipitisha polepole kama alivyofanya kule juu ya paa, akapanda. Ndipo nikakumbuka ujumbe wake. Nililia barabarani kama mtoto, mwanangu, kwa furaha.

Basi nawaambieni. Magoti ya baba yako hayapandi tena, na yangu ndiyo hayo. Pandeni nyinyi, wote wawili, wakati wa jua, kabla ya vuli na kabla ya masika. Osheni, papaseni kwa kiganja, macho ya chini yanadanganya. Mkikuta gundi imekufa, itoeni yote. Msifunike juu ya uchafu. Mkigombana, fanyeni hivyohivyo. Na asiwepo wa kusema hili ni la mwenzangu.

Inamisheni vichwa niwawekee mkono. Mungu awape ng'ombe na watoto, awape wateja wenye njaa, mvua iwakute mmelala na iwaache mmelala. Ufunguo huu hapa. Nitakuja kulala kwenu, na asubuhi mkiniona nimenyamaza, msiulize kosa ni nini.