Wimbo wa Nyuma ya Jukwaa

Ukitaka kumwudhi fundi jenereta, msifie matamasha ya siku hizi. Ataweka spana chini, ajifute mikono kwenye suruali iliyo chafu kuliko mikono yenyewe, kisha aanze: "Eti tamasha lina viti, na vyoo vina sabuni. Sabuni! Hilo ni tamasha au hospitali? Sisi tulicheza kwenye matope mpaka viatu vikabaki uwanjani!" Huongea kwa kupayuka, kama anayemwita mtu ng'ambo ya barabara, hata mkiwa mmekaa benchi moja. Kila akimaliza hadithi hugonga tangi la mafuta kwa kiganja, kama hakimu anayefunga kesi.

Jana mkewe alimletea chai karakana, akamkuta katikati ya mahubiri hayo mbele ya wateja. "Baba watoto, hebu waimbie wateja wimbo mmoja tu wa enzi hizo." Fundi akakohoa. Akafumba macho, akatafuta, akatafuta tena. Matamasha yote yale alikuwa nyuma ya jukwaa akiibembeleza jenereta isizimike, na jenereta haikuwa na adabu ya kunyamaza wenzake wakiimba. Mwishowe akafungua kinywa, kikatoka alichokuwa nacho: "Mmmm-tutu-tutu, mmmm-tutu-tutu."

Wateja wakaangua kicheko. Mkewe hakucheka. Mapenzi yao yalianzia palepale, nyuma ya jukwaa. Akalitua birika, akavua viatu, akaanza kucheza.