Mtoki Mbele ya Wakwe

Mimi kitu cha kunishangaza hakipo tena. Nilianza kwa kusukuma mikokoteni ya watu, darasa la nne sikulimaliza, na leo nina nyumba ya ghorofa Gihosha na maduka mawili ya vipuri. Basi asubuhi moja nikaukuta uvimbe kinenani, upande wa kushoto, kama yai la njiwa. Hata huo haukunishangaza. Aliyeshangaa ni mke wangu.

"Ugonjwa huo umeutoa kwa mwanamke gani?"

Akafunga mzigo, akaenda kwa mama yake Carama. Ujumbe ukaja: nikajieleze mbele ya wakwe, la sivyo harudi.

Nilikwenda na muuguzi wa zahanati ya mtaani. Yeye alikuwa ameshanivua kiatu na kuona ufa uliooza kati ya vidole. Huo ni mtoki, alisema, umetoka huko chini.

Shemeji alicheka. "Kidonda kiko kwa kidole, uvimbe uko kiunoni. Ulipanda ngazi?"

Kumvulia mama mkwe suruali ni mwiko, kwa hiyo muuguzi alitoa kalamu nene nyeusi akachora juu ya suruali yangu ya sherehe: kutoka kifundo, goti, paja kwa ndani, mpaka kinenani. "Mwilini kuna maji mengine mbali na damu. Yanaupandisha uchafu wa kidonda hadi kwenye tezi hizi. Tezi inapigana nao, inavimba."

"Na maji hayo yanatoka wapi kwingine?" akauliza mama mkwe. Ameuza mchele sokoni maisha yake yote, hadanganyiki.

Nikamkanyaga muuguzi mguu anyamaze. Akajibu hata hivyo: "Matakoni, tumbo la chini... na sehemu za siri, mama."

"Ehee!"

"Lakini tezi ziko safu mbili!" Akachora ya juu, imelala kwenye mkunjo wa paja. "Za siri, mara nyingi hapa." Akachora ya chini, inateremka pajani. "Za mguu, hapa."

Ndoa yangu ya miaka kumi na tisa ikabaki kwenye upana wa vidole viwili. Wakwe wote wakageukia ukuta, mama mkwe akajifunika kitenge usoni, mke wangu akaingiza mkono, akapapasa.

"Iko wapi?" mama aliuuliza ukuta.

Mke wangu akapapasa tena, makusudi naona.

"Ya chini, mama."

"Kweli?"

"Apana ya juu. Na mguu wenyewe unanuka."

Alirudi nyumbani siku hiyohiyo. Muuguzi, dawa, suruali nyingine, kreti mbili za soda, na mbuzi wa kuomba radhi kwa kosa ambalo sikulifanya: faranga laki nne, elfu thelathini na mbili, na mia tano.