Mipira Mitatu ya Marion

Mke wangu Marion ni nesi wa wodi ya wagonjwa wa akili, na tukigombana ananitazama kiuno. Haki ya Mungu, kiuno! Anasema macho hudanganya, lakini mtu akitaka kukurukia, kiuno hugeuka kwanza.

Kwa ujuzi huo, klabu moja ya mpira wa Kimarekani hapa ughaibuni, Stratford, imemfanya skauti wa Jumamosi, yaani msaka vipaji. Huwapima malinebacker, wale walinzi wanaosimama nyuma ya mabonge ya watu wa mstari wa mbele. Mimi kazi yangu ni kubeba chai na kugandishwa na baridi.

Jumamosi iliyopita ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya majaribio. Zéphyrin, Mkongomani anayefanya usafi maofisini, aliwekwa pembeni amvamie mrusha mpira. Mabonge ya upande wa pili yakambwaga mara sita. Ian, skauti mkuu, Mkenya mwenzetu, akataka kulikata jina lake.

“Hulikati,” Marion akasema. “Pembeni panataka kifua cha kusukumana, na huyu hana. Lakini mara zote sita ameanguka akiwa ameshageukia upande mpira ulikokwenda. Huyo anausoma mchezo. Mweke katikati.”

“Mama, muda umekwisha.”

“Mipira mitatu tu. Nikikosea, mimi hapa sirudi tena.”

Nikamvuta sweta. Kazi hii anaipenda kuliko anavyonipenda mimi, na najua! Akanitoa mkono bila hata kunitazama.

Mpira wa kwanza, Zéphyrin alidanganywa kama mtoto. Wa pili akachelewa hatua moja. Ian akafunga daftari.

“Bado mmoja,” Marion akasema. “Mimi najua kuhesabu.”

Wa tatu, kila mtu akakimbilia kulia. Zéphyrin akabaki, akapiga hatua mbili kushoto, na mwenye mpira akaja kumwingia kifuani, puu! Wote wawili chini. Nilipiga kelele mpaka chai ikanimwagikia viatuni.

Ian akafungua daftari, akaandika: Zéphyrin, katikati.

Zéphyrin akaja mbio, machozi yanamtoka, helmeti mkononi. “Aksanti sana, Mama Marion. Aksanti sana.”

“Asante ya nini? Kati ya mitatu umekosa miwili,” Marion akamwambia, akimpangusa tope begani. “Jumamosi, saa mbili kamili asubuhi. Tunaanza na hiyo miwili.”