Nimefoka kwenye foleni ya kitubio

Leo nimegombana na mtu kwenye foleni ya kitubio. Ndiyo, kanisani!

Nilitoka nyumbani alfajiri, na baridi yetu hii ya Sumbawanga, ili niungame kabla ya misa ya kwanza. Dhambi niliyojiandaa kuitaja ni hasira.

Zamu yangu ikafika. Dada mmoja akanichomekea mbele.

Jamani, nilifoka! Hadi padre akachungulia.

Bibi aliyekuwa nyuma yangu akanigusa bega.

"Mjukuu wangu, mwache atangulie."

"Shikamoo bibi, lakini zamu ni yangu!"

"Marahaba. Ni yako kweli. Ila yeye atamaliza upesi. Wewe umeshaongeza dhambi nyingine hapa hapa."

Watu wakainamisha vichwa, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Nikampisha yule dada.

Nikampisha na bibi.

Nyie mngefanyaje?